Jenerali Lee Alisamehewa Lini, na Msamaha Ule Ulilipwa na Nani?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Shemeji yangu anaishi Virginia, Marekani. Nilipomtembelea alinipeleka Arlington kuona nyumba ya Jenerali Robert E. Lee, yule aliyeongoza jeshi la majimbo ya Kusini yaliyojitenga. Akaniambia Lee alikufa bila kusamehewa, mpaka Rais Gerald Ford alipomsamehe mwaka 1975. Nikabisha: rais anamsameheje mtu aliyekwisha kufa zaidi ya miaka 100? Halafu nikajiuliza, ofisa aliyeiasi nchi yake na kupigana nayo miaka minne, msamaha unamrudishia nini hasa? Tuamulie. Msomaji, Morogoro.

JIBU: Marahaba, ndugu yangu, na shemeji mpe salamu zangu.

Kwanza niwaamulie. Lee hakufa bila kusamehewa. Kosa la uhaini alisamehewa siku ya Krismasi ya mwaka 1868, akiwa hai na akifanya kazi ya ukuu wa chuo huko Lexington, Virginia. Ulikuwa msamaha wa jumla uliowagusa waasi wote. Alifariki Oktoba 12, 1870. Alichotia saini Ford mwaka 1975 ni kitu kingine: azimio la Kongresi, yaani bunge la Marekani, la kumrudishia haki kamili za uraia. Kwa hiyo shemeji yako amechanganya mambo mawili, na wewe umedhani marehemu hasamehewi, jambo ambalo kwa Marekani si kweli, nitalifikia. Ila swali lako la mwisho, kwamba msamaha ulimrudishia nini ofisa aliyeasi, ndilo nitakalokaa nalo zaidi. Nimefundisha historia ya Marekani miaka mingi na ni nadra kuulizwa hivyo. Jibu lake ni neno moja: ardhi. Na ardhi hiyo wakati huo ilikuwa imeshikwa na watu wengine.

Huku Tanzania tumezoea Rais kutangaza msamaha siku ya Muungano au siku ya Uhuru, na wanaotoka ni wafungwa. Ibara ya 45 ya Katiba yetu inamzungumzia mtu aliyepatikana na hatia mbele ya mahakama. Katiba ya Marekani haina sharti hilo. Rais wa kule anaweza kumsamehe mtu ambaye hajashtakiwa wala kukamatwa, mradi kosa lenyewe limekwisha kutendeka na ni kosa dhidi ya serikali kuu. Liweke hilo akilini, maana maelfu ya maofisa tunaowazungumzia hapa hawakuwahi kusimama kizimbani hata siku moja.

Lee alisalimu amri kwa Jenerali Ulysses Grant tarehe 9 Aprili 1865, katika kijiji cha Appomattox Court House. Grant aliwaruhusu maofisa waende kwao baada ya kuweka saini ahadi ya kutopigana tena, na akaandika kwamba serikali haitawasumbua wakitimiza ahadi hiyo na kutii sheria. Siku chache baadaye Rais Abraham Lincoln akauawa. Aliyeshika nafasi yake, Andrew Johnson wa Tennessee, alikuwa amekulia katika umaskini, fundi cherehani kwa kazi yake, na alikuwa na chuki ya siku nyingi dhidi ya matajiri wa mashamba makubwa. Watu wengi walitegemea atawanyonga.

Mei 29, 1865 Johnson alitoa tangazo. Muasi wa kawaida alitakiwa kula kiapo cha kuitii Katiba na sheria zote zilizowaacha huru watumwa. Akishaapa amesamehewa, na mali yake inarudi, isipokuwa watumwa. Lakini makundi 14 yaliwekwa kando. Humo walikuwamo maofisa wa jeshi waliozidi cheo cha kanali, maofisa wa jeshi la majini waliozidi cheo cha luteni, waliosomeshwa na serikali katika chuo cha kijeshi cha West Point kisha wakaasi, na kila aliyeunga mkono uasi kwa hiari huku ana mali inayotozwa kodi yenye thamani ya zaidi ya dola 20,000. Hawa kila mmoja alipaswa kuandika barua yake binafsi kwa Rais na kungoja. Kifungu kile cha dola 20,000 ndipo chuki ya fundi cherehani inapoonekana waziwazi: alitaka mabwana wa Kusini wabishe hodi mlangoni kwake mmoja mmoja.

Lee alikuwa jenerali na alihitimu West Point. Tarehe 7 Juni baraza la raia wa mahakama huko Norfolk, Virginia, likaamua ashtakiwe kwa uhaini. Juni 13 akamwandikia Rais. Barua hiyo ni ya mistari michache tu. Anasema yumo katika waliotengwa na tangazo, anaomba kunufaika nalo na kurudishiwa haki zote, kisha anajieleza: amehitimu West Point Juni 1829, amejiuzulu jeshi la Marekani Aprili 1861, alikuwa jenerali wa jeshi la Kusini, alisalimu amri Aprili 9. Basi. Humo hamna neno la majuto, na utumwa hautajwi. Mtu anayejaza fomu ya kuomba kazi huandika zaidi ya hapo.

Barua ilipitia kwa Grant, naye akaiunga mkono. Alipoona Johnson bado anataka Lee akamatwe, Grant alimwambia kwamba yale masharti ya Appomattox aliyaweka yeye kwa jina la serikali, na kama yatavunjwa atajiuzulu. Mashtaka yakasimamishwa. Ombi la msamaha, hata hivyo, halikujibiwa. Lee alikuwa hajaambatanisha kiapo. Oktoba 2, 1865, siku ileile alipoapishwa kuwa mkuu wa Chuo cha Washington pale Lexington, alitia saini kiapo mbele ya ofisa wa viapo, karatasi ikapelekwa Washington, na kimya kikaendelea mpaka kifo chake.

Wengine waliambiwa usoni. James Longstreet, jenerali aliyekuwa mkono wa kulia wa Lee, alikwenda mwenyewe kwa Johnson akiwa na barua ya Grant, rafiki yake tangu ujanani. Longstreet ameandika kwamba Johnson alimjibu hivi: wako watu watatu wa Kusini wasioweza kamwe kupata msamaha, Bwana Davis, Jenerali Lee na wewe, mmeusumbua mno Muungano.

Davis ni Jefferson Davis, aliyekuwa rais wa Kusini. Hao watatu walikuwa tofauti na wengi. Kiangazi cha 1865 kilipokwisha, vyumba vya kungojea vya Ikulu vilikuwa vimejaa majenerali, makanali, wenye mashamba na wake zao. Palizuka hata madalali wa misamaha, watu wanaojuana na makarani, wanaochukua fedha ili jalada lako lipande juu ya mengine. Maombi yalifika kama 15,000, na kabla ya muda wake kwisha Johnson alikuwa amekubali zaidi ya 13,000. Chuki yake dhidi ya matajiri ilikuwa imeyeyuka. Alitaka majimbo ya Kusini yarudi upesi, yaongozwe na weupe, na wenye uzoefu wa kuongoza walikuwa ndio haohao waliokuwa wamepiga foleni. Na kusema kweli, nadhani kuombwa na mabwana waliomdharau kulimlainisha kuliko alivyotarajia.

Ngoja nikuonyeshe hati yenyewe, maana watu hufikiri msamaha ni neno tu la mdomo. Ilikuwa karatasi kubwa iliyopigwa chapa, yenye nafasi tupu za kujaza jina na mahali kwa kalamu ya wino, muhuri wa Marekani chini, na sahihi za Rais na Waziri wa Mambo ya Nje, William Seward. Ndani yake mna masharti. Msamaha unaanza siku utakapokula kiapo. Unabatilika ukimiliki tena mtumwa au ukitumia kazi ya watumwa. Lazima kwanza ulipe gharama zote za kesi iliyokuwa imefunguliwa juu yako au mali yako. Huwezi kudai mali iliyokwisha kuuzwa kwa amri ya mahakama chini ya sheria za utaifishaji. Na mwisho, lazima umwandikie Waziri kwamba umeipokea na umeikubali. Mahakama ya Juu ilikuwa imesema tangu 1833 kwamba msamaha ni kama zawadi: haukamiliki mpaka upokewe.

Soma tena lile sharti la mali. Iliyokwisha kuuzwa, basi. Na ile ambayo haijauzwa, imeshikwa tu na serikali kwa sababu mwenyewe alikimbia kwenda vitani? Hiyo inarudi. Hapo ndipo historia hii inapoacha kuwa ya Lee na Ikulu, ikawa ya watu wa pwani ya South Carolina na Georgia.

Januari 12, 1865, vita vikiwa bado havijaisha, Jenerali William Sherman na Waziri wa Vita walikutana mjini Savannah na viongozi 20 wa dini, wote weusi. Msemaji wao alikuwa Garrison Frazier, mzee wa miaka 67, mhubiri aliyekuwa amejinunua kutoka utumwani. Walimwuliza watu wake wanahitaji nini ili wajitegemee. Akajibu kwamba njia bora ni kuwa na ardhi na kuilima kwa nguvu zao wenyewe. Siku nne baadaye Sherman akatoa Amri Maalumu Namba 15: visiwa na ukanda wa pwani kutoka Charleston kushuka hadi mto St. Johns huko Florida vitengwe kwa ajili ya walioachwa huru, kila familia isizidi ekari 40. Kufikia katikati ya mwaka watu kama 40,000 walikuwa wamekaa juu ya ekari zipatazo 400,000. Walikuwa wamelima na kupanda. Ardhi ilikuwa ileile waliyoilima utumwani, sasa wakiilima kwa ajili ya watoto wao.

Idara ya kuwahudumia walioachwa huru iliongozwa na Jenerali Oliver Otis Howard, mkristo mwenye msimamo, aliyekatwa mkono wa kulia baada ya kujeruhiwa vitani mwaka 1862. Julai 1865 Howard aliwaagiza maofisa wake kwamba msamaha wa Rais haurudishi ardhi iliyotengewa watu hawa. Johnson alimfutia waraka huo. Septemba ukatoka mwingine, wenye maneno ya Rais: mwenye shamba akionyesha hati ya msamaha au kiapo, na ushahidi kwamba ardhi ni yake, arudishiwe.

Oktoba Rais akamtuma Howard mwenyewe kwenda kuwapa watu habari hiyo. Alifika kisiwa cha Edisto, karibu na Charleston. Walikusanyika kanisani, wakajaza viti, vijia na roshani ya juu. Howard ameandika kwamba alipoanza kueleza, zogo lilikuwa kubwa kiasi kwamba hakusikika, mpaka mwanamke mmoja alipoanzisha wimbo wa huzuni wa wakati wa utumwa na kanisa zima likaupokea. Walipotulia aliwaambia: waliokuwa mabwana zenu wamesamehewa, ardhi ni yao tena, nawasihi muwekeane nao mikataba ya kazi, na muweke chuki pembeni. Kutoka roshani watu walimpigia kelele kumwuliza kwa nini anawanyang'anya ardhi yao.

Akawaomba wachague kamati. Walichaguliwa watatu, Henry Bram, Ishmael Moultrie na Yates Sampson, na siku chache baadaye wakamwandikia. Katika nyaraka zote nilizosoma za msamaha wa baada ya vita vile, hakuna inayonikaa moyoni kama hii. Walisema wameachwa mikononi mwa watu walioungana kuwanyima hata ardhi ya kutosha kulaza mifupa ya baba zao. Halafu wakajibu lile ombi la kusamehe:

“Unatuomba tuwasamehe wenye ardhi wa kisiwa chetu. Wewe ulipoteza mkono wako wa kulia tu, vitani, na huenda ukaweza kuwasamehe. Mtu aliyenifunga kwenye mti akanichapa viboko 39, aliyemvua nguo mama yangu na dada yangu akawachapa, asiyeniruhusu kukaa katika kibanda chake kitupu mpaka nimlimie na kuridhika na bei yake, na anayeungana na wenzake kuninyima ardhi akijua fika kwamba ningekuwa na ardhi yangu nisingekuwa na haja naye, mtu huyo siwezi kumsamehe kwa wepesi.”

Hilo neno “tu” baada ya mkono wa Howard, ndugu yangu, lisome polepole. Wanaliandika kwa mtu aliyetumwa kuwatoa, na bado wanalipima sawasawa: mkono ulipotea vitani, kati ya askari na askari. Mama hakuwa askari.

Waliandika pia kwa Rais. Haikusaidia. Mwaka 1866 wengi walitolewa, mahali pengine kwa bunduki za askari wa serikali ileile iliyowapa ardhi. Wenye vyeti halali vya Sherman waliruhusiwa na sheria ya Julai 1866 kununua ekari 20 kwenye ardhi ya serikali upande wa Beaufort. Wengine walirudi kulima kwa mkataba chini ya mabwana walewale. Ndiyo maana nilikuambia jibu ni ardhi. Kosa la uhaini lilikuwa dhidi ya serikali, na serikali ikasamehe la kwake. Ila ilichotoa ili kuukamilisha msamaha huo kilikuwa mikononi mwa watu wa Edisto, na hakuna aliyewauliza kabla hati hazijatiwa saini.

Mahakama baadaye ziliupa msamaha nguvu zaidi. Augustus Garland wa Arkansas, mwanasheria aliyekuwa mbunge wa Kusini wakati wa vita, alizuiwa kufanya kazi mbele ya Mahakama ya Juu kwa sababu sheria ilidai mawakili waape kwamba hawajawahi kuunga mkono uasi. Alikuwa na msamaha wa Johnson mfukoni. Mwaka 1867 majaji watano dhidi ya wanne waliamua kwamba msamaha kamili unafuta adhabu na hatia, na mbele ya sheria mtu anakuwa kama hakuwahi kukosa. Mwaka 1872, katika kesi ya Klein iliyohusu fedha za pamba iliyotwaliwa, Mahakama ikazuia Kongresi kuupunguza uzito msamaha wa Rais.

Ukuta ambao msamaha ulishindwa kuuvuka ulijengwa na Kongresi ndani ya Katiba yenyewe. Marekebisho ya 14 ya mwaka 1868, kifungu cha 3, yalisema kwamba mtu aliyewahi kula kiapo cha kuilinda Katiba akiwa ofisa au kiongozi, kisha akaasi, hawezi kushika tena madaraka ya umma, mpaka theluthi mbili ya kila baraza la Kongresi ziondoe kizuizi hicho. Angalia kilivyokatwa: kijana aliyepata cheo chake cha kwanza katika jeshi la Kusini hakukamatwa nacho. Lee, aliyekuwa amevaa sare za Marekani zaidi ya miaka 30, alikamatwa.

Longstreet, aliyefukuzwa na Johnson, ndiye aliyepata njia. Juni 1868 Kongresi ilimwondolea vizuizi. Aliingia chama cha Republican cha Grant, akakubali kwamba waliokuwa watumwa wana haki ya kupiga kura, na Septemba 14, 1874 alikuwa mitaani New Orleans akiongoza polisi na mgambo, wengi wao weusi, kuilinda serikali ya jimbo dhidi ya maelfu ya wanamgambo weupe, wengi wao askari wa zamani wa Kusini. Walishindwa siku ile, naye akajeruhiwa na kushikwa. Wenzake wa Kusini walimchukia hadi kufa. Kwa maoni yangu huyu ndiye ofisa mkubwa wa Kusini ambaye maisha yake baada ya msamaha yalifanana na kile kiapo. Mfano wa upande wa pili ni Wade Hampton, jenerali wa wapanda farasi, tajiri wa South Carolina, ambaye mwaka 1876 aligombea ugavana huku makundi yenye mashati mekundu yakiwatisha na kuwaua wapiga kura weusi. Akaupata ugavana, baadaye akawa seneta. Sheria ya Mei 1872 ilikuwa imewaondolea vizuizi karibu wote, ikabaki mamia ya wakubwa tu. Mwaka 1898 hata hao wakafunguliwa.

Usije ukadhani hakuna aliyeadhibiwa kabisa. Kapteni Henry Wirz, mkuu wa kambi ya mateka ya Andersonville ambako askari wa Kaskazini karibu 13,000 walikufa, alinyongwa Washington Novemba 10, 1865. Aliomba msamaha, Johnson akakataa. Alikuwa kapteni, mhamiaji kutoka Uswisi, bila shamba wala jamaa wa kupiga foleni Ikulu.

Sasa turudi kwa Krismasi ya 1868. Johnson alikuwa amebakiza miezi miwili na siku kadhaa madarakani. Alitoa tangazo la mwisho: msamaha kamili, bila masharti, kwa kila aliyeshiriki uasi. Humo walimo Lee na hata Jefferson Davis. Mashtaka ya Norfolk yakafutwa mapema 1869. Kwa hiyo ukimwambia shemeji kwamba Lee alisamehewa akiwa hai, huna haja ya kutetereka.

Mwaka 1970 kile kiapo cha Oktoba 1865 kilikutwa katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, kikiwa kimelala miaka 105 katika majalada ya Wizara ya Mambo ya Nje. Seneta Harry Byrd Mdogo wa Virginia akapeleka azimio. Seneti ililipitisha bila pingamizi, Baraza la Wawakilishi kwa kura 407 dhidi ya 10, na Ford akatia saini Agosti 5, 1975, huko huko Arlington kwenye nyumba mliyoitembelea. Azimio lilirudishwa nyuma lianze Juni 13, 1865, tarehe ya ile barua ya mistari michache. Kisheria lilikuwa na kazi ndogo sana: Lee hakuwahi kuvuliwa uraia na mahakama yoyote, na alichokuwa amebakia kunyimwa ni kushika madaraka, jambo lisilomsaidia mtu aliye kaburini. Mimi naliona kama heshima, na heshima hiyo ningependa ingeelekezwa kwingine kwanza.

Na kuhusu kumsamehe marehemu: msamaha wa kwanza wa rais wa Marekani kwa mtu aliyekwisha kufa ulitolewa Februari 1999 na Bill Clinton. Aliyesamehewa ni Henry Flipper, aliyezaliwa mtumwa Georgia mwaka 1856, mweusi wa kwanza kuhitimu West Point, mwaka 1877. Alifukuzwa jeshini mwaka 1882 baada ya mahakama ya kijeshi iliyomfutia shtaka la wizi lakini ikamkuta na kosa la mwenendo usiomfaa ofisa. Aliomba kusafishwa jina maisha yake yote na akafa mwaka 1940 bila kulipata.

Nyumba ya Arlington haikurudi kwa msamaha, kwa sababu ilikuwa imeuzwa. Mwaka 1864 serikali iliinadi kwa kodi ya dola 92 na senti 7. Mke wa Lee alikuwa amemtuma ndugu kuilipa, makarani wakakataa wakitaka mwenyewe aje, naye alikuwa upande wa pili wa vita. Serikali ikainunua na kuanza kuzika askari. Mwanawe mkubwa wa kiume alishtaki, akashinda katika Mahakama ya Juu mwaka 1882, na mwaka uliofuata akaiuzia serikali kwa dola 150,000. Pembeni mwa shamba hilo, tangu 1863, palikuwa na kijiji cha walioachwa huru, chenye shule, hospitali na nyumba za mbao. Kilifungwa mwaka 1900.

Ukienda tena, usiishie kwenye nyumba iliyo juu ya kilima. Mwambie shemeji akupeleke Sehemu ya 27 ya makaburi yale, pembeni kabisa. Wamezikwa humo zaidi ya 3,800 kati ya watu waliokimbia utumwa au kuachwa huru wakati wa vita. Mawe yao ni meupe, madogo, sawasawa na ya askari. Juu yake pameandikwa jina, kama lilijulikana, na chini ya jina neno moja kati ya mawili ya Kiingereza: moja ni la mtu asiye askari, jingine ni la mtu mwenye nchi. Kwa Kiswahili yote mawili ni neno moja, raia.